Uji Umepoa

Kila Jumamosi baada ya adhuhuri hukaa mbele ya maikrofoni ya redio yetu hapa Kilifi na kuwauliza wasanii walianzaje muziki, na kila Jumamosi wananidanganya. "Nilianza kanisani, kwenye kwaya," ndivyo wanavyosema. Waislamu walianza madrasani, kwenye kaswida. Ukiwasikiliza utadhani Pwani nzima imejaa malaika waliopotea njia wakaangukia studio. Nikiuliza nyimbo huwajia vipi, wote huota. Wimbo huja usingizini ukiwa na maneno yake, ngoma zake na kinanda chake, kazi ya msanii ikawa ni kuamka tu. Mwaro wa Mtwapa, ambaye ameanza kujiita Ras tangu nywele zimfike mabegani, aliniambia hutunga akiitazama bahari. Kwake nimefika. Dirisha lake linatazama choo cha baa.

Mkweli nimempata mmoja tu, Bi Tima wa Malindi, mwimbaji wa taarabu. Nilipomuuliza hutunga vipi alijiweka sawa mtandio wake, akasema, "Mwanangu, mimi nina jirani. Hukaa barazani nikamtazama. Mungu ampe umri mrefu, maana akifa yeye na mimi nimefilisika." Siku hiyo simu za wasikilizaji zilimiminika mpaka tukashindwa kuzipokea. Jirani naye alipiga.

Halafu akaja Chengo.

Ikiwa umehudhuria harusi yoyote kati ya Mtwapa na Malindi, basi wimbo wake unaujua. "Amka Unywe Uji". Bibi harusi anakata keki, anamlisha bwana harusi, spika zinafunguliwa, na ukumbi mzima unasimama kuimba: amka bwana, amka unywe uji, jua limepanda, uji umepoa. Mashangazi hunyanyua vikombe visivyo na kitu wakajifanya wanampa bwana harusi, naye hujifanya amelala. Watu hucheka mpaka machozi. Nimeona haya kwa macho yangu, nikiwa nimekaa meza ya nyuma na sahani ya pilau iliyonishinda kula.

Wimbo ule aliutunga mama yangu. Aliutunga asubuhi ya kumzika baba.

Baba yangu, Mzee Kiponda, alifia nyumbani kwetu Tezo. Hanga, yaani matanga, lilipokaa, binamu zangu wakaenda kuleta spika ili vijana waje kwa wingi na michango ipatikane. Ndiyo hiyo disko matanga: maiti ndani, vumbi nje, na wasichana wa vijiji vyote jirani wamevaa kana kwamba wamealikwa Krismasi. Aliyekuja na spika alikuwa Chengo. Wakati ule hakuwa msanii wa kitu chochote, alikuwa mtu mwenye spika. Alichekesha, alirusha mafumbo, alisifu viuno. Kulipokucha alizima mitambo, watu wakatawanyika kutafuta chai, na hapo ndipo Mama alipokaa mlangoni akaanza kumwimbia mumewe kwa Kigiriama, peke yake, pole pole. Alimwambia aamke anywe uji. Wanawake wengine wakaja wakamwitikia mmoja mmoja. Chengo alisogea na simu yake mkononi, kichwa ameinamisha, nami nikadhani ameguswa. Nilimpelekea chai na mahamri. Chai ile inanikera mpaka leo.

Alichofanya baadaye ni kuugeuza wimbo kwa Kiswahili na kuutia ngoma. Hiyo ndiyo kazi yake yote.

Nilipomwambia Mama kwamba Chengo anakuja kwenye kipindi changu, alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua macho. "Muulize aliupata wapi," alisema. "Akimtaja baba yako, nimemsamehe. Auimbe mpaka azeeke, mimi sitaki kitu chake. Ila hilo jina nataka nilisikie redioni."

Lazima nieleze hapa. Mama ni mke wa kizamani. Katika maisha yake yote na baba hakuwahi kulitaja jina lake. Alimwita Baba Everlyne, au mwenye nyumba, au "yule". Hospitalini alipoulizwa jina la mgonjwa alinigeukia mimi nijibu. Hata katika wimbo wenyewe alimwita bwana tu. Kwa hiyo jina la baba, kama lingesemwa, lilihitaji kinywa cha mtu mwingine, na Mama alikwisha kuchagua ni cha nani.

Chengo alifika amechelewa, miwani myeusi usoni ndani ya chumba kisicho na jua. Ni mtoto wa Tezo kama mimi, lakini alikwenda Nairobi kupiga picha za video na akarudi ulimi umemtoka mahali pake. Yaseen, fundi mitambo wetu, alimtazama kupitia kioo, akatikisa kichwa.

"Mashabiki wangu, mko sawa?" alipiga kelele.

"Karibu, Chengo. Waeleze wasikilizaji ulianzaje."

"Nilianza kanisani," alisema. "Kwenye kwaya."

"Kanisa gani?"

"Makanisa mengi."

"Nimesikia kuna siku ulikuwa ukipiga disko matanga."

Aliitoa ile miwani. Sasa hivi Chengo ndiye sura ya kampeni ya kupinga disko matanga. Bango lake liko barabarani, amenyoosha kiganja kuwazuia vijana. "Mimi?" alisema. "Dada Everlyne, mimi vitu hivyo sivijui. Mimi nawaambia vijana, marehemu aheshimiwe."

Nyuma ya kioo Yaseen alijifunika uso kwa faili.

"Tuje kwa huu wimbo unaopendwa," nikasema. "Uliutunga vipi?"

"Huu ulinijia usingizini. Niko Takaungu, nimelala, nikasikia sauti ya mwanamke inaniita. Sauti tamu, si ya dunia hii."

"Mwanamke gani?"

"Mapenzi yenyewe, dada. Mapenzi yalijigeuza mwanamke."

Nilijua kule Tezo Mama amekaa na redio yake magotini, sauti juu kabisa. Nikavuta pumzi. Nikaamua kumfungulia mlango mpana, aingie mwenyewe.

"Huyo bwana anayeitwa kwenye wimbo, ni nani?"

"Ni mwanamume yeyote anayependwa."

"Hana jina?"

"Jina lake ni upendo."

"Na uji?"

"Uji ni joto la mahaba."

"Lakini umesema umepoa."

Alikunja uso. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwake kuyasikiliza maneno ya wimbo wake. "Umepoa kwa sababu bwana anadeka," alisema. "Anataka abembelezwe."

"Anaitwa, anaitwa, jua linapanda, watu wanakuja, na yeye kimya. Chengo, mbona haamki?"

Yaseen aliniashiria niende kwenye matangazo. Sikwenda. Chengo alijikuna shingo, akatazama dari, kisha uso ukamng'aa kama mtu aliyekumbuka alikoweka funguo.

"Swali zuri sana hilo," alisema. "Hilo tumelifikiria. Kwenye rimiksi ataamka."

Kesho yake nilikwenda Tezo nimeandaa maneno ya kumfariji Mama. Nilimkuta anafagia uwanja. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaendelea kufagia, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Ataamka!" alisema. "Baba yako, aamke kwa ajili ya uji!"

"Mama, mimi nina hasira na wewe wacheka?"

"Wewe uliwahi kumwona baba yako akinywa uji?"

Nikafikiri. Nikajaribu kumwona baba na kikombe cha uji mkononi, sikuweza. Kikombe nilichokikumbuka kilikuwa cha mnazi, tembo lenyewe, na kilianza kazi mapema.

"Sasa kwa nini uliimba uji?"

"Ulitaka niimbe mnazi? Mchungaji alikuwa amekaa pale karibu na kitanda, na Biblia yake. Nikaona uji nao ni mweupe. Baba yako mwenyewe ataelewa." Aliegemea ufagio. "Mambo hayo hupangwa, mwanangu. Unatazama nani yuko, nani atachukia, nani atalia ukisema nini. Sio kuota."

Miaka yote hiyo nawauliza watu hutunga vipi, na sikuwahi kumuuliza yeye. Nilicheka naye. Halafu kicheko kikamkatika ghafla, akakaa kwenye kigoda.

"Lakini hakulitaja," alisema.

"Jumamosi nitalitaja mimi."

"Wewe ni mwanawe. Ukimtaja, umefanya nini? Nilitaka aliyemla ndiye amtaje."

Sauti yake ilikuwa ya chini mno. Hapo ndipo nilipomchukia Chengo kwa moyo wangu wote, wala sioni haya kusema hivyo.

Jumamosi iliyofuata wimbo uliombwa na wasikilizaji kama kawaida. Mimi hutaja mtunzi kabla ya kila wimbo, ndio utaratibu wa kipindi. Nikasema hivi: "Wimbo huu umetungwa na mama yangu, Kahaso wa Tezo, kwa Kigiriama, asubuhi ya kumzika mumewe. Anayeambiwa aamke ni marehemu. Chengo alikuwapo na spika zake." Jina sikulitaja. Nilimwachia Chengo. Kisha nikaupiga.

Yaseen aliingia studio mbio. "Dada, wataka tufungwe?" Halafu akasikiliza, mkono kwenye kitasa, kana kwamba ndio kwanza ausikie. "Subhanallah," alisema. "Harusini kwangu tuliucheza huu mara mbili."

Habari zilitembea. Malindi, DJ aliufungulia wimbo ule wakati wa keki, nyanya wa bibi harusi akajifunga leso kichwani na kuanza kuomboleza, na wazee wakavua kofia. Keki haikuliwa. Mahali pengine bwana harusi alikataa katakata kujifanya amelala. Mama mmoja alinipigia simu akitaka kujua kama ndoa ya binti yake bado ni halali. Nilimwambia amuulize kadhi. Wale wa kampeni waliling'oa bango la Chengo, pakabaki vyuma viwili vimesimama kando ya barabara.

Nilikuwa Tezo Chengo alipokuja, Jumapili moja alasiri. Alikuja bila miwani, na kilo za sukari, na leso mpya ndani ya mfuko wa plastiki. Kiswahili chake cha nyumbani kilikuwa kimemrudia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Mimi sikumsalimia. Mama aliingia jikoni, akakaa huko kwa muda mrefu, akatoka na kikombe cha uji akakiweka mbele yake juu ya stuli. Chengo hakukigusa. Alikuwa na mengi ya kusema. Alisema amekosa, kijana hukosa. Alisema ana harusi kubwa Takaungu, wenyewe wanataka wimbo huo huo lakini wanaogopa mkosi, na mama akikubali kusema maneno mawili tu kwenye simu, kwamba wimbo ni wa furaha na ametoa baraka, kila kitu kitatengenea. Simu alikwisha kuitoa. Alitafuta hata mahali penye mwanga mzuri.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Nitasema," alijibu.

Nilishtuka. "Mama!"

"Nitasema. Lakini yeye aanze. Aseme kwenye hiyo simu yake, wimbo huu ni wa fulani, amtaje jina. Akishasema, na mimi nitasema."

"Tu?" Chengo alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike. "Hilo dogo, mama." Akainua simu, akajiweka sawa kola, akakohoa. "Mashabiki wangu, mko sawa? Leo niko Tezo, nyumbani kwa marehemu, marehemu mzee wetu mpendwa, mzee..."

Akasimama. Alinitazama mimi, akamtazama Mama, akaishusha simu.

"Samahani," alisema. "Kwani aliitwa nani?"

Mimi nilikuwa nimemdhania mwoga. Kipindi kile chote, na maswali yangu yote, nilidhani jina analo mdomoni na anaona haya kulitoa. Kumbe hakuwa nalo. Alikesha uwanjani kwetu, akala mahamri yetu, akajenga jina lake mwenyewe juu ya mtu yule, na hakuwahi kumuuliza yeyote ni nani aliyelala mle ndani.

Nilifungua kinywa nimjibu, na sikuwa na nia ya kumjibu vizuri. Mama alininyamazisha kwa mkono. Alivuta leso yake ikamkaa sawa mabegani. Midomo yake ilicheza kwanza bila sauti.

"Kiponda," alisema.

Sikuwahi kulisikia jina hilo likitoka kinywani mwake. Alilitamka kwa uangalifu, akatazama mlango wa nyumba, kana kwamba anangoja kuona kama kuna atakayeitika. Machozi yalinitoka, nikayaacha.

"Kiponda," Chengo alirudia, kidole kikigonga goti. "Kiponda, amka. Kiponda, amka." Akainua kichwa, macho yanang'aa. "Mama, jina hili linaingia vizuri sana kwenye kiitikio."

 Mama akamsogezea kikombe.

"Kunywa uji wako, mwanangu," alimwambia. "Umepoa."