Samaki Wasioguswa wa Siongiroi

Masese wa idara ya samaki alikokota wavu wake wa matundu madogo ukingoni mwa bwawa, na kwa mara nyingine ukatoka na matope na viluwiluwi vya chura. Rodah alichoka hata kuuliza. Bwawa lilikuwa la kikundi chao cha akina mama, nje kidogo ya Siongiroi, na yeye ndiye mwenyekiti. Walitangaza kuwa watauza vifaranga vya samaki. Sasa wanaume walishasema wazi: mvua ijayo bila kifaranga, bwawa linarudi kwa ng'ombe.

"Na samaki kubwa zimejaa!" Rodah akasema. "Mama wengi hivi, watoto wako wapi?"

"Wameliwa na hao hao wakubwa, mama. Wamekuwa wengi sana, chakula haiwatoshi. Mtoto akitokea tu, anamezwa. Punguza nusu."

Apunguze! Nani ale? Kwao samaki alikuwa nyoka wa majini tu. Aliyewahi kuwagusa ni Amolo, fundi wa baiskeli sokoni, na Rodah alimtimua kwa rungu, akajiona shujaa.

Ikabidi amwendee. Amolo alimsikiliza mikono ikiwa na grisi.

"Ulivunja ndoano yangu, ukaniita mla nyoka. Sawa, nitakuja na ndugu zangu. Lakini ile ya kwanza tunakula pamoja, wewe na mimi."

Walivua asubuhi mpaka nusu ya wakubwa ikatoka, Amolo akakaanga ile ya kwanza palepale. Rodah alishika kipande. Akafumba macho kama mtu anayekunywa dawa ya minyoo, akatafuna, akameza, akaendelea mpaka ikabaki miiba. Wenzake walitazama pembeni. Siku hiyo aliwachukia wote.

Mvua ilipokuja, Masese alikokota wavu tena. Safari hii ulitoka ukitetemeka kwa vifaranga, vyembamba kama sindano. Akina mama wakapiga vigelegele. Rodah akaketi kwenye majani mabichi, akalia. Miaka yote hiyo aliwatupia wale wakubwa pumba kwa mkono wake, akawalinda wasiguswe, kumbe alikuwa akiwalinda wanaokula watoto.

Chemutai, mweka hazina wa kikundi, akamwinamia. "Usilie, Rodah. Hizi tutalinda kuliko zile. Hakuna mtu ataguza hata moja."

Rodah akapangusa pua kwa leso.

"Zikikua," akasema, "tunakula."