Kiti cha Nyuma

Kila toleo jipya la pikipiki ile ya mbio linapotoka, mume wangu lazima alinunue. Jina lile lile, rangi ile ile nyekundu. Ya kwanza ilikuwa na kiti kirefu. Nilikuwa nasinzia mgongoni kwake, barabara ikipita chini yetu taratibu kama maji, na kona ikikaribia namgonga bega mara moja: punguza.

Toleo la pili, kiti cha nyuma kikawa chembamba. La tatu, kikabaki saizi ya kipande cha mkate. Nikavumilia. Jana kaleta la nne: mahali pangu pamefunikwa kwa plastiki iliyochongoka.

“Wameiboresha, mama watoto,” alisema, akiifuta kwa kitambaa. “Sasa upepo unapita vizuri.”

“Na mimi nipite wapi?”

Akacheka. Nikamnyang'anya funguo na helmeti. Kuendesha alinifundisha mwenyewe, kwa ile ya kwanza.

“Sasa mimi nikae wapi?” akauliza.

“Waulize walioiboresha.”

Nikaondoka. Nyumba zilielea pembeni, laini kama usingizi. Kona ya kwanza ilipokaribia, bega langu lilisubiri kugongwa. Halikugongwa, nami sikupunguza.