Fremu ya Nne

Mdogo wangu alichora, mimi nilichapa, na nakala ya mwisho ikikauka mimi ndiye niliyeshika kisu.

Wengi wanaonunua picha hawajui habari ya kisu, kwa hiyo nitaieleza. Picha zetu zilichapwa kwa fremu za mbao zilizowambwa kitambaa chepesi kama chujio. Kila rangi ilikuwa na fremu yake. Unamimina wino, unauvuta kwa ubao wenye mpira, nao unapenya pale tu palipoachwa wazi na kutua kwenye karatasi iliyo chini. Fremu moja inaweza kutoa nakala elfu. Ndiyo maana mchoraji hutoa ahadi: nitachapa hamsini, basi. Anaandika kwa penseli pembeni, ya kwanza kati ya hamsini, ya pili kati ya hamsini, na kila moja anaitia sahihi. Kisha kitambaa kinakatwa kona hadi kona, ili ahadi isibaki maneno matupu.

Mdogo wangu tulimwita Rangi tangu utotoni, maana hakuwahi kurudi nyumbani na nguo ya rangi moja. Alianza kwa kuandika mabango ya vinyozi na mabucha. Baadaye akaanza kuchora vitu vya dukani kana kwamba ni watu wakubwa: kiberiti, betri, kopo la maziwa, kandambili, vyote kwa rangi za kupiga kelele na mistari minene myeusi. Mwanzoni watu walicheka. Kisha wakaja na magari.

"Kandambili zangu zimetundikwa sebuleni kwa mwanasheria," alikuwa akisema, "na mimi mwenyewe natembea pekupeku."

Mkewe, wifi yangu, ndiye aliyeshika ufunguo wa karakana. Alifunga kila picha kwa karatasi laini na kuhesabu mara mbili. Wateja waliletwa na dalali mmoja tuliyemwita Miwani, mtu wa maneno matamu, aliyejua kukaa na matajiri na kukaa na sisi.

Mama alipofariki, Rangi alichora uso wake. Mama aliuza sabuni za mche maisha yake yote, kwa hiyo alimchora kama picha ya kwenye karatasi ya sabuni: mashavu ya waridi, kilemba cha njano, nyuma bluu tupu, na mstari mweusi uliobeba macho na kicheko chake. Fremu nne, nakala hamsini. Hazikumaliza wiki. Magazeti yaliandika, na jina la Rangi likavuka mipaka.

Siku ya kukata alikataa kubaki.

"Kata wewe, Dada. Mimi nitalia mbele ya watu."

Nikakata ya waridi. Nikakata ya njano na ya bluu. Ya nne, ya mstari mweusi, niliiinua kuelekea dirishani, mwanga ukapita, na mama akanitazama. Wiki tano tu zilikuwa zimepita tangu tumzike. Nikaona siwezi kumzika tena kwa mkono wangu mwenyewe. Niliifunga kwa shuka nikaisukuma nyuma ya kabati, chumbani kwangu.

"Umekata zote?" Rangi aliniuliza jioni.

"Zote."

Kabla ya kuificha nilikuwa nimechapa moja yangu, nyeusi tupu, nikaitundika juu ya kitanda. Hapo ndipo niliposali asubuhi na jioni. Mwezi uliofuata niliugua malaria, na Miwani akaja kunijulia hali na mfuko wa machungwa. Alikaa, akamenya moja, akainua macho.

"Hii haina namba, Dada."

Nilivuta shuka hadi kidevuni.

"Na mstari ni ule ule." Akatabasamu. "Usiogope, mimi si polisi. Fremu yake unayo. Niazime siku mbili. Nataka kuchapa moja tu, nimtazame mama yenu siku dunia ikinichosha."

"Moja tu?"

"Sasa mimi uso mwingi wa mama wa watu nitaupeleka wapi?"

Nilicheka, nikampa. Tayari alikuwa ameona, na nilijua ningekataa angesema. Zile fremu tatu zingine si kazi ngumu kuziiga, mtu yeyote mwenye mkasi anaweza kukata maumbo yake upya. Uso ulikuwa kwenye fremu ya nne.

Aliirudisha siku ya tatu. Mimi nikiosha fremu, wino hubaki kwenye kona, hata nisugue vipi. Ile ilirudi haina doa. Mtu aliyechapa moja haoshi hivyo. Nilielewa mara moja. Nikapiga magoti, nikamwomba Mungu msamaha, nikainuka mwepesi. Nilidhani kwa kuwa Yeye anajua, basi imetosha. Rangi sikumwambia kitu.

Miaka miwili baadaye familia mbili zilioana. Wazazi wa binti walipokwenda kuwatembelea wakwe, walikuta sebuleni picha ya mama yetu, ya kumi na mbili kati ya hamsini. Ya kumi na mbili walikuwa nayo wao nyumbani.

"Mama yako kazaa pacha!" watu walimpigia kelele Rangi njiani. Au walimsimamisha kwa heshima zote: "Fundi, samahani, hamsini yako wewe ina ngapi?" Wanunuzi walirudisha picha, hata za kiberiti, hata za kandambili. Ukumbi uliokuwa umeandaa maonyesho yake ulishusha kila kitu kwa siku moja. Miwani hakuonekana tena.

Rangi alikaa kwenye benchi la karakana, vipande vya vitambaa vilivyokatwa, tulivyokuwa tumevitunza, vikiwa miguuni pake. Alivihesabu, na vilikuwa vya fremu tatu.

"Ya nne ilikatwa," alisema. "Dada alikata. Vipande vya nne viko wapi?"

"Sivijui," wifi alisema.

"Ufunguo anao nani?"

"Ninao mimi. Unataka kusema nini, mume wangu? Sema usikike."

"Nasema kuna mtu alitoa vipande humu akampa Miwani, vikaungwa upya, na mlango haukuvunjwa."

Wifi alinigeukia. "Wifi, wewe ulikuwepo. Mwambie."

Nilitazama sakafu. Kulikuwa na tone la wino wa njano limekauka, lina umbo la yai.

"Mimi sijui lolote," nilisema.

Waligombana wiki nzima, kisha wifi akaondoka na binti yao na begi moja. Mlangoni aliniambia, "Wewe unayesali sana, mimi usiniombee."

Nilimwombea hata hivyo. Miaka sita. Rangi alirudi kwenye mabango ya vinyozi, akichora vichwa vilivyonyolewa vizuri, vyote vya mtu mmoja. Figo zikamwangusha. Nikamhamishia chumbani kwangu, kwenye kitanda changu, mimi nikalala chini. Ile picha nyeusi nilikuwa nimekwisha kuichoma. Fremu ilikuwa hatua mbili kutoka kichwani pake.

Mchana mmoja nilikuwa nikimfuta miguu, iliyokuwa imevimba kama mikate, akasema:

"Dada, nimeamua jambo. Nataka umtafute mke wangu."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie nimemsamehe. Alinimaliza, lakini nimemsamehe. Sitaki kufa na kinyongo."

Miaka sita nilikuwa nimeomba moyo wake ulainike. Sasa ulikuwa umelainika, na jibu la maombi yangu likaniogopesha. Kwa sababu nilijua ningeweza kwenda. Ningempelekea yule mwanamke msamaha wa kosa langu, naye mdogo wangu angekufa na furaha.

Niliweka kitambaa chini. Nikavuta kabati, nikatoa shuka lenye vumbi, nikalifungua mbele yake.

Aliitazama fremu. Mwanga wa dirisha ulipita kwenye kicheko cha mama.

"Zote," alisema. "Uliniambia zote."

Nikamweleza habari ya machungwa, na siku mbili, na kona zisizo na doa. Nilipomaliza nilianza kulia, akaniambia ninyamaze, si kwa ukali, kama mtu anayetaka kusikiliza kitu kingine.

"Leta kisu."

Nikakata, kona hadi kona. Kitambaa kilipasuka kwa sauti ndogo.

"Sasa chapa."

Nilichapa pale pale sakafuni, kwa wino mweusi uliobaki kwenye kopo. Palipokatwa wino ulimwagika wote, na uso wa mama ukatoka na mfereji mweusi kuanzia kilemba hadi kidevu. Nikamwekea karatasi kifuani, nikampa penseli.

Hakuipokea.

"Hiyo si kazi yangu. Tia sahihi wewe."

Kwa miaka yote hiyo jina langu halikuwahi kuwekwa kwenye picha yoyote. Niliandika, ya kwanza kati ya moja, kisha jina langu lote.

"Mpelekee."

"Nimwombe arudi?"

"Arudi kwa nani? Mpe aone." Akageukia ukuta.

Nilimkuta wifi kwenye chumba cha ushonaji, futi ikining'inia shingoni, akishona sare za shule. Sikusalimu vizuri. Nilimpa karatasi. Aliangalia uso, akaangalia mfereji, akasoma jina.

"Miaka sita," alisema.

"Ndiyo."

"Na ulikuwa ukisali."

"Nilikuwa nikisali."

Alikunja karatasi mara mbili, ingawa wino haukuwa umekauka sawasawa, akaitia mfukoni.

"Yeye yu hai?"

"Daktari anasema siku chache."

Alivua futi na kufunga mlango. Alitembea mbele, mimi nyuma, kama mtu na mgeni asiyemjua. Alipofika aliingia na kuurudishia mlango. Nilibaki nje, kwenye ngazi. Nilisikia sauti ya Rangi ikisema maneno mengi kuliko aliyosema mwaka mzima, lakini maneno yenyewe hayakunifikia. Nilijaribu kuomba. Sikujua nianzie wapi, maana mwenye kuombwa msamaha alikuwa mle ndani, na hakuwa ameniita.

Baadaye mlango ulifunguka kidogo.

"Anataka maji," wifi alisema. "Kikombe chake ni kipi?"

"Kile cha bluu."

Mlango ukafungwa.