Kizibo Cheupe cha Ijumaa

Kengele ya gwaride ilikuwa haijalia, na Bi Fahima alikuwa tayari juu ya kiti katika chumba cha walimu, vizibo viwili vya soda mdomoni, akiipanga upya ratiba ambayo wala haikuharibika. Kwa miaka kumi na mmoja shule nzima ilikuwa ikienda kwa ubao ule: misumari kwa safu, na vizibo alivyovipaka rangi kwa mkono wake, chekundu Hesabu, kijani Kilimo, buluu Kiswahili. Shule nyingine zilitumia kompyuta, na kompyuta zao zilimpeleka mwalimu mmoja madarasa mawili saa ile ile. Ubao wa Bi Fahima haukuwahi kugonganisha mtu na mtu. Aliringa nao, na alikuwa na haki ya kuringa.

Kitu kimoja tu hakupenda kukitazama. Safu ya Ijumaa, msumari wa mwisho, saa sita na nusu: kizibo cheupe kwa kila darasa, madarasa yote manane. Nyeupe ilikuwa Afya. Waraka ulikuja kutoka juu mwaka uliopita kwamba kila darasa lazima lipate kipindi kimoja cha Afya kwa wiki, na waraka haukusema kipindi hicho kitoke wapi. Mwalimu wa Kemia alikataa kutoa chake. Wa Kiingereza alikataa. Aliyekataa kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa wa Hesabu, naye ni Bi Fahima mwenyewe. Mkuu wa shule, Bwana Ronald, akayamaliza mabishano: "Weka Ijumaa, saa sita na nusu."

Hakuna mtu Lamu asiyejua saa sita na nusu ya Ijumaa ni saa ya nini. Wavulana wako kwenye mifereji wakitia udhu, wasichana wameshabeba mikoba wanakwenda kwao. Kipindi kikakaa ukutani, darasani hakikuingia hata siku moja. Na Bi Fahima, mwalimu mmoja kwa madarasa manane saa ile ile, aliyepelekwa semina ya siku tatu ili akifundishe, alikubali haraka kuliko alivyopenda kukumbuka.

"Hodi, mwalimu."

Mlangoni alisimama Bi Mwanamkisi, msuka mikeka wa kijiji cha Kipungani, mkeka mpya umeviringishwa kwapani. Nyuma yake alikuwa mwanawe Mahir wa Kidato cha Tatu, mkono umeziba mdomo. Bi Fahima akavitema vizibo, akashuka kitini. Hakuwa amemwona kijana huyo tangu muhula uliopita, siku alipoanguka kifafa darasani. Wenzake walimkalia miguu, wakambana mikono, na mmoja wao, Bakr, akamtia rula ya mbao kinywani kwa nguvu ili asijing'ate ulimi. Wengine walisoma Ayatul Kursi, na hilo halikumdhuru mtu. Rula ndiyo iliyomvunja meno mawili ya mbele.

"Karibu, Bi Mwanamkisi. Mwamrejesha?"

"Nimeya naye," alisema mama, akimsogeza mwanawe mbele. "Dawa hunwa, na daktari amesema asome. Mkeka huu ni wako, zawadi. Lakini nina neno moya, unambie kwa haki ya Mngu. Wale wenziwe washafunzwa la kufanya? Mara ya kwanza wamemvunda meno. Mara ya pili watamvunda nini?"

Jibu la uongo lilikuwa pale pale ukutani. Angeinua tu kidole: hicho hapo, kizibo cheupe, kila Ijumaa tangu mwaka jana. Mama huyu hakuwa na njia ya kujua.

"Hawajafunzwa," alisema Bi Fahima, na uso ukamwaka kwa aibu.

Bi Mwanamkisi alimshika mwanawe begani, akamvuta kwake. Hakugomba. "Basi ndoo, baba, twende. Mimi simwati mwanangu hapa."

"Ningojani. Nipani mpaka saa nne, Bi Mwanamkisi, nawaomba."

Saa tatu akaja Bwana Hudson, mkaguzi, jasho shingoni, na shule tatu nyingine za kuwahi siku ile ile. Bwana Ronald alimleta mbele ya ubao huku mahamri na chai vikingoja ofisini.

"Afya iko? Ijumaa. Safi sana." Mkaguzi akainua simu, akapiga picha.

"Hicho kipindi hakifundishwi, Bwana Hudson," alisema Bi Fahima. "Saa hiyo ni sala ya Ijumaa."

Bwana Ronald akacheka harakaharaka. "Mwalimu Fahima anapenda utani."

"Si utani."

Bwana Hudson akaitazama simu yake, akamgeuzia kioo aone. Hakuwa mtu mbaya. "Madam, fomu inauliza kama kipindi kiko kwenye ratiba. Ndiyo ama la. Haiulizi kama kinafundishwa. Sasa mimi niandike wapi?"

Kweli hapakuwa na mahali. Wakaenda kunywa chai, na mlangoni Bwana Ronald akageuka, akanong'ona: "Usiguse huo ubao mgeni akiwa hapa. Tumeelewana?"

Hawakuelewana. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na saa nne, Kidato cha Tatu, palikuwa na kizibo chekundu, Hesabu, kipindi chake mwenyewe. Miaka minne mfululizo Hesabu yao ilikuwa ya kwanza kisiwani, na kila kipindi alikilinda kama mboni ya jicho. Alipokichomoa kilimuuma kweli. Akakitia mfukoni, akakitoa kizibo cheupe cha darasa hilo kwenye safu ya Ijumaa, akakitundika mahali pake, akautwaa mkeka.

Nje ya darasa, mama na mwana walipokuwa wakimngoja, alimuuliza Mahir kwa sauti ya chini: "Wataka uwemo ndani, au ungoje na mamako?"

Kijana akaondoa mkono mdomoni. Pengo likaonekana, naye hakulificha. "Ndani, mwalimu. Ni mimi watakayenishika. Basi mimi ndiye nitakayelala."

Mkeka wa Kipungani ukatandikwa sakafuni, na Mahir akalala juu yake mbele ya wenzake arubaini na wawili. Bi Mwanamkisi alikaa dawati la nyuma, buibui ameikusanya mapajani. Bi Fahima akaanza na yasiyofaa, kumkalia mgonjwa na kumtia kitu kinywani, kisha akamwita Bakr. Mvulana alikuja, akapiga magoti kando ya mkeka.

"Utamkalia?"

"Hapana, mwalimu."

"Kinywani utamtia nini?"

"Hapatiwi kitu!" darasa zima likajibu.

Kisha akawafundisha yanayofaa: sogeza madawati, weka kitu laini chini ya kichwa, legeza kola, mlaze ubavu, tazama saa. Zikipita dakika tano, hospitali, mbio. Bakr akakunja jezi yake ya mpira, akaiweka chini ya kichwa cha mwenzake.

"Nisamehe, ndugu yangu," alisema.

"Nigeuze ubavu kwanza," Mahir akamjibu kutoka mkekani. "Msamaha utaniomba baadaye."

Darasa likaangua kicheko, na Bakr akacheka huku akijifuta macho. Bi Fahima alijisikia fahari ambayo hata matokeo ya Hesabu hayakuwahi kumpa.

"Mwalimu Fahima!" Bwana Ronald alikuwa dirishani, mkaguzi kando yake. "Hiki ni kipindi cha Hesabu!"

"Kilikuwa, Bwana Ronald. Ni changu, nimekitoa."

Bwana Hudson aliwatazama watoto, simu mkononi. Picha ya ratiba alikuwa nayo tayari, na picha ya darasa hili haikuwa na mahali kwenye fomu yake. Akaitia simu mfukoni, akauliza boti inaondoka saa ngapi.

Kengele ilipolia, Bi Mwanamkisi alimsimamisha Bakr mlangoni. "Mwanangu akianguka, utafanyani?" Bakr akamwambia yote kwa mpangilio, bila kumtazama mwalimu. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akauvua mkoba wa vitabu begani mwake, akamvisha Mahir. "Soma, baba," alisema, akashika njia ya Kipungani peke yake.

Adhuhuri barua ya Bwana Ronald ilikuwa juu ya meza ya Bi Fahima: aeleze kwa maandishi kwa nini amebadili ratiba bila idhini, na arudishe kizibo mahali pake kabla ya jioni. Aliisoma mara mbili. Akaigeuza, akaandika nyuma yake, "Nimebadili kwa sababu sasa kinafundishwa," akatia sahihi.

Kisha akapanda kiti. Kidato cha Pili, Alhamisi, saa tatu: chekundu kingine, chake pia. Akakichomoa, akatundika cheupe. Safu ya Ijumaa ikabaki na vizibo vyeupe sita.