Nipe Mji, Profesa

Usingizi wa mchana hauna adabu, haubishi hodi. Profesa Kokushubira Rwegoshora ameketi kwenye kigoda kirefu katika chumba cha joto cha maabara, chumba alichokianzisha mwenyewe miaka thelathini na minne iliyopita, karatasi ya hotuba iko mapajani na kalamu haitaki kwenda mbele. Saa kumi alasiri watafunua kitambaa kwenye ukuta wa jengo hili, jina lake litakuwa pale kwa herufi za shaba, na yeye atatakiwa aseme machache. Ana miaka sabini na miwili na amechoka. Si uchovu wa miguu, huo angeulalia ukaisha. Ni uchovu wa mtu aliyebeba kitu kwa mkono mmoja miaka yote, asithubutu kukihamishia mkono wa pili watu wasije wakakiona. Hotuba imekwama pale inapokwama siku zote: Mwaka ule tuliamua kuzinyima seli chakula kwa siku nne. Amelifuta neno tuliamua, ameliandika tena, amelifuta. Mbele yake kabati la joto linanguruma taratibu, lina joto la kuku aliyelalia mayai, na ndani yake kuna visahani vya seli za kifaranga ambazo bado hazijaamua ziwe moyo au mfupa au ngozi. Wafanyakazi wa humu huzitaja seli kama watu, wamekula, wamelala, wamekasirika. Ngoja nitazame kama wamelishwa, anajisemea, ananyoosha mkono, anafungua mlango wa kabati. Visahani havipo. Kuna njia.

Njia inashuka, naye anaifuata, maana mtu aliyechoka hushuka bila kuuliza. Wanaoshuka ni wengi, wametulia, hawasukumani, na hawana nyuso. Pale penye uso pako laini kama yai lililomenywa. Hawamtishi hata kidogo, amekaa nao maisha yake yote, zaidi ya alivyokaa na ndugu zake. Kila mmoja ana kitabu kinene kwapani, na kitabu ni kilekile kwa wote. Wakifika njia panda wengine wanakwenda kushoto, wengine kulia, na hatua kumi hazijaisha wameshaota pua na macho na mikono ya kazi fulani, na nyuma yao nyasi zimeifunga njia. Harudi mtu. Njia hii Profesa ameichora ubaoni mbele ya wanafunzi wa vizazi vitatu, kwa mishale mizuri ya chaki, lakini hakuwahi kuchora kwamba miguu inauma.

Kwenye njia panda ya kwanza kuna anayemngoja. Amevaa koti jeupe la maabara, uso hana, na kifungo cha pili cha koti kimeshonewa uzi wa kijani. Profesa anakiona kifungo, anatazama pembeni. Kitendawili, anasema yule wa koti. Tega, anajibu Profesa, kwani hata profesa alikuwa mtoto. Nyumba yangu haina mlango. Yai, anasema, na kicheko kinamponyoka, nyumba hizo amezivunja kwa maelfu, kila Jumatatu trei tatu. Umepata, anasema kiongozi, twende. Wanaingia mji ambao watu wake wote wamesimama wima na hawainami, wamebeba mji mabegani. Ni mji wa mifupa. Kuta zake ni za kioo, na ndani ya kioo kuna mji mwingine, na watu ni walewale, ila kule wanakimbia na mizigo, wanashusha, wanapakia, hakuna anayeuliza anampelekea nani. Huo ni mji wa damu. Ndani ya kioo cha mji wa damu kuna mwingine tena. Kwa nini hawa hawahamii kule, anauliza Profesa, si kitabu ni kimoja? Kitabu kimoja, nyuzi nyingi, anajibu kiongozi bila kusimama. Na kweli, akitazama vizuri anaona kurasa zimefungwa kwa nyuzi, kila mmoja ameachiwa sura moja tu ya kusoma. Jambo hili aliliandika yeye mwenyewe, kwa maneno magumu zaidi na rejea arobaini. Anataka kuuliza, na mimi ni ukurasa gani niliufunga? Analimeza.

Njia inazunguka, inawarudisha kwenye njia panda ileile, au pacha wake. Kitendawili. Tega. Walilala na njaa, wakaamka na kazi. Seli zangu, anasema Profesa haraka, kwa fahari ya zamani. Hiyo nusu, anasema kiongozi. Nani aliyewalaza na njaa? Mimi, kwa makusudi. Hapana. Nipe mji.

Basi sheria ya vitendawili inajulikana, aliyeshindwa hutoa mji, na aliyetega huenda huko kwa maneno, akala, akanywa, ndipo akatoa jibu. Utotoni kwao Bukoba waligawa London na Makka kila jioni na hakuna aliyepungukiwa. Nakupa Kyoto, anasema Profesa. Anachagua mji mkubwa wa Japani, mji walikosimama wote wakampigia makofi na kumvika medali. Nimekwenda Kyoto, anasema kiongozi, nimekaa safu ya mbele, nimemsikia mwanamke akisema tuliamua. Sikula, sikunywa. Jibu halitoi. Na Kyoto inaondoka. Profesa anaisikia ikimtoka kama jino, daraja, hoteli, mti mwekundu dirishani, hata uzito wa medali shingoni. Kimebaki kishimo tu, na ulimi unakwenda pale pale.

Kitendawili. Tega, anasema, safari hii kwa sauti ndogo. Aliniaga nikiwa macho, nikamsahau nikiwa macho.

Hapo Profesa anakaa chini, katikati ya njia, na wasio na nyuso wanampita kushoto na kulia kama maji yanavyopita jiwe. Jibu analijua. Jina tutalipata, tusiwe na haraka, mwenyewe bado ulimi wake haujalikubali. Aliyemuaga alikuwa fundi wa maabara, mtu wa Usambara, mkubwa kwake kwa miaka saba, mlishaji wa seli mwenye mkono mtulivu kuliko wote. Siku ya Alhamisi alisimama mlangoni na mfuko wa safari. Daktari, alisema, mama yangu amefariki, nakwenda Bumbuli kuzika, Jumatatu nipo. Visahani vya kabati la juu vinataka maji mapya ya chakula kesho na keshokutwa. Naye Kokushubira, wakati huo msomi kijana mwenye haraka, hakuinua jicho kwenye hadubini. Pole sana, Bwana, nenda, nitawalisha mwenyewe. Alilisema mchana kweupe, kwa Kiswahili safi. Ijumaa akawa na kikao, Jumamosi akaandika maombi ya fedha za utafiti, Jumapili kanisani, na siku zote hizo seli hazikumjia akilini hata mara moja. Jumatatu maji ya visahani yamegeuka manjano, mkuu wa idara amesimama pale na wageni wake, anauliza, hii ni kazi ya nani? Kinywa cha Kokushubira kikajibu kabla yake. Ya fundi. Kabla ya chakula cha mchana mtu amefukuzwa kazi, kichwa bado kimenyolewa kwa msiba. Mtu huyo alimtazama tu. Hakusema, Daktari, si ulisema utawalisha. Angesema, pengine ingekuwa nafuu.

Jumanne alirudi kuchukua kandambili na kikombe chake cha chai. Akamkuta Kokushubira na kisahani mkononi, anakwenda kukimwaga kwenye sinki. Usimwage kwanza, Daktari, alisema. Mimi nimeshawatazama, mazoea hayana dawa. Wanadunda. Kokushubira akatazama. Zile seli zisizokuwa chochote, zilizolala njaa siku nne, zilikuwa zimeamka moyo. Zilikuwa zinadunda zote pamoja, kwa mdundo mmoja, kwenye kisahani cha plastiki. Alitazama mpaka shingo ikamuuma, na alipoinua kichwa mlangoni hapakuwa na mtu. Ugunduzi wote ndio huo. Mengine ni uandishi.

Nipe mji, anasema kiongozi. Anatoa Lyon ya Ufaransa, inaondoka. Anatoa Nairobi, inaondoka na ukumbi wake na rafiki zake wawili wa ukumbini. Kitendawili ni kilekile, njia panda ni ileile, miji inamwishia kama chumvi kiganjani. Inabaki Bukoba, aliko mama yake kaburini, na Bukoba haitoi, hata kwa kufa. Nakupa Bumbuli, anasema kwa ujanja wa mwisho. Kiongozi anacheka bila kinywa, kicheko cha mabega. Bumbuli si yako, mji usiowahi kufika unautoaje? Na kweli hakufika. Mwaka wa kwanza kazi zilimbana, mwaka wa pili aliona haya, mwaka wa kumi alisema mwenzangu ameshasahau, mwaka wa ishirini alisema labda hayupo duniani, nina haja gani ya kuwasumbua wanawe. Aibu ukiifuga nayo inazaa.

Nimechoka, anasema Profesa. Anasema kwa sauti, kama mtoto, na machozi yanamtoka bila kuomba ruhusa. Ukuta wa kioo uko karibu, anajitazama, na mle ndani hana uso. Pua imekwenda na Kyoto, macho yamekwenda na Lyon. Hashtuki sana. Anakumbuka kwamba wenzake walishaonyesha kuwa seli inaweza kurudishwa nyuma, ikafunguliwa nyuzi zake, ikasahau kazi iliyoizoea na kuanza upya. Mara ya kwanza kulisikia jambo hilo alibisha mbele ya watu, na rohoni hajaacha kubisha mpaka leo. Anageuka kutazama alikotoka. Nyasi zimefunga njia, lakini ni nyasi tu. Hoza, anasema. Hoza Shemndolwa. Niliyemsahau ni wewe, na aliyewalaza na njaa ni mimi, sikuamua chochote, nilisahau. Shikamoo, Bwana Hoza. Miaka saba umenizidi na sikukuamkia hata siku uliyorudi kutoka msibani. Pale penye uso wa kiongozi panaanza kuvimba pua, kisha kovu dogo la kidevu analolijua, kisha kinywa. Anangoja marahaba. Kinywa kinafunguka. Na leo je, umewalisha?

Umewalisha? anauliza Profesa, na mkono ulio begani kwake unasita. Ni Daktari Tumsifu Mshana, aliyekuwa mwanafunzi wake na sasa ndiye mkuu wa maabara, mwanamke wa makamo mwenye mvi za mbele. Tangu asubuhi, Mama, anajibu. Shikamoo tena, ulipitiwa na usingizi. Wageni wamekaa, wanakungoja wewe tu. Profesa anashuka kwenye kigoda, magoti yanalia. Hebu niambie, Tumsifu, ule mji wa Japani nilikopewa medali unaitwaje? Tumsifu anacheka, anadhani anataniwa, analitaja jina, na jina linampita Profesa kama jina la mji wa watu wengine. Kuna baridi ya viyoyozi ukumbini, Mama, vaa hili, anasema Tumsifu, anamvika koti jeupe kutoka kwenye msumari. Kifungo cha pili kimeshonewa uzi wa kijani. Koti la nani hili? Sijui, Mama, nimelikuta hapo tangu nije, hakuna aliyewahi kulitupa.

Ukumbi umejaa. Miwani ameisahau chumba cha joto, na kutoka jukwaani watu wote wako laini, hawana pua wala macho, safu hadi safu. Anashika kingo za meza. Sasa hapo nani atamwambia kama ameamka au ameteremka zaidi? Karatasi iko mbele yake na haisomeki. Kitendawili, anasema kwenye kipaza sauti. Mtu anakohoa. Makamu mkuu wa chuo anajikuna sikio. Kisha, mmoja mmoja, kwa haya za watu wazima walioguswa utoto, wanaitika. Tega! Aliniaga nikiwa macho, nikamsahau nikiwa macho. Wanacheka, wanajaribu. Kivuli! Ujana! Mume! Hapana, hapana, hapana. Basi tunakupa mji, Mama, anaita mmoja wa mbele. Mji gani? anauliza Profesa, na sauti ya kumjibu inatoka nyuma kabisa, hajui ni ya mzee au ya kijana, ya aliye hai au ya aliyekufa. Bumbuli.

Kama hii ni ndoto, anajiambia, nitasema tena nikiamka.

Bumbuli sijafika, anasema, kwa hiyo siwezi kuwaambia nilikula nini huko. Nakwenda kesho. Lakini jibu ninalo, na kile kitambaa kilichofunika jina langu ukutani msikifunue kwanza. Anaitwa Hoza Shemndolwa. Alinikabidhi seli zake akaenda kumzika mama yake, na aliyesahau kuwalisha ni mimi.