Saa Zilizoandikwa Kwenye Vichupa

Matokeo ya Signe yalipendeza mno. Kadiri homoni ya msongo ilivyopanda katika damu ya mama, ndivyo kilivyopungua kimeng'enya cha kondo la nyuma kinachoivunja kabla haijamfikia mtoto. Profesa wetu akaamua jina la Signe litangulie kwenye makala yetu. Mimi nilikuwa na miaka minne katika maabara ile ya Winnipeg, yeye, mmoja.

Kimeng'enya hicho hupoteza nguvu haraka. Kondo lisipogandishwa ndani ya nusu saa baada ya mtoto kuzaliwa, kipimo ni bure. Niliamini Signe alikuwa akichelewa, basi asubuhi moja nikafungua friza na kusoma saa zilizoandikwa kwenye kila kichupa cha vipande vya kondo: ya mtoto kuzaliwa na ya kugandisha.

"Unanikagua, Ragna?" aliuliza Signe kutoka mlangoni, kahawa mkononi.

"Nakagua vichupa."

"Haya, dada. Ukimkamata mchelewaji, mwitie polisi."

Vichupa vyake vyote viliwahi. Katika friza nzima, sita tu vilikuwa vimechelewa, na vyote sita vilikuwa vyangu. Nilipoviondoa na kupiga hesabu upya, matokeo yake yalizidi kuwa dhahiri.

Nilimpelekea profesa hesabu hiyo alasiri ileile, jina la Signe likiwa la kwanza. Nilimchukia Signe kuliko asubuhi.