Jembe la Kimo Changu

Nilikuja kutembea miezi mitatu. Sasa ni wa tano, na kutembea kwenyewe ni kutoka jikoni hadi kitandani kwa mjukuu. Tiketi imesogezwa mara mbili. Pasipoti iko kabatini kwa binti yangu, ati nisije nikaipoteza. Lakini Jumatatu aliniapia: safari hii Jumapili, mama, haki ya Mungu.

Basi leo Jumamosi tumekuja soko la wakulima. Wakulima gani hawa! Viazi vimeoshwa vinang'aa, na wauzaji wana kucha safi kuliko daktari. Mimi shamba langu nimemwachia mdogo wangu, ambaye hupalilia kwa mdomo. Mvua ziko njiani, na mwenye mbegu yuko huku anabembeleza mtoto.

Muuza miche akaniangalia, akamuuliza binti yangu jambo. Lugha yao siijui. Huku hata salamu binti yangu hunijibia.

"Anasemaje?"

"Anauliza kama umepapenda hapa."

"Nami nimesemaje?"

"Umesema umepapenda sana."

Yule bwana akacheka, akainama chini ya meza, akatoa mche na jembe lililofungwa utepe mwekundu.

"Zawadi yako, mama," binti yangu akasema, macho yake kwenye vitunguu. "Kule nyuma ya nyumba pana nafasi. Utachangamka."

"Mche huu unazaa lini?"

"Mwaka wa tatu."

Nikavuta pumzi. "Mgeni siku mbili," nikamwambia.

Msemo ule nilimfundisha mwenyewe, na nusu iliyobaki anaijua.

"Tiketi ya kesho, mwanangu?"

"Nimeirudisha. Mama, nisamehe. Usiku nina zamu, mchana nalala, mtoto nimwachie nani? Ukiondoka nimekwisha."

Akaangua kilio mbele za watu. Mimi nilikuwa na hasira za kupindua meza, lakini nani amlilie nani? Mjukuu akanyoosha mikono, nikambeba mgongoni, nikamfunga kwa kanga yangu. Kisha nikalipokea jembe.

Nililisimamisha kando yangu kwa mazoea, kama ninavyopima majembe yote. Mpini ulinifika kifuani, pale pale ninapopataka. Mpini wa hivyo hauchongwi asubuhi moja. Mtu amepimwa kimo, mpini ukaagizwa, ukasubiriwa, wiki mbili au zaidi.

Na Jumatatu aliniapia.